Nyota ya gari dogo si nyota ya jaha

Hapana shaka kuwa gari dogo ndilo gari la mfanyakazi wa kawaida katika nchi hii. Toyota Vitz na Passo, Mazda Demio, Honda Fit, Nissan Note na March ni majina ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anayafahamu. Mwalimu anayechukua mkopo wa Sacco ili aepukane na msukumano wa matatu, aghalabu huishia kununua mojawapo ya magari haya. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeita teksi usiku huletewa gari la aina iyo hiyo. Kabla ya ununuzi maswali huulizwa mengi. Je, linakunywa petroli kiasi gani? Spea zake zinapatikana? Likiuzwa baada ya miaka mitatu litaleta pesa ngapi? Swali ambalo ni nadra kusikika ni hili: gari hili likigongana na jingine, aliyemo ndani atatoka akiwa hai?

Siku hizi wapo wauzaji wanaolijibu swali hilo hata kabla ya kuulizwa. Husema, "Hili lina nyota tano." Mnunuzi hutikisa kichwa kwa kuridhika, na mazungumzo hurejea kwenye bei. Ni nyota hizo ninazotaka kuzizungumzia. Nadai kwamba nyota za usalama ni chombo cha maana kilichobadilisha magari ya dunia, lakini hapa kwetu zimeachwa zikielea bila mwaka, bila mahali na bila maelezo, hata zimegeuka kuwa kama hirizi. Na hirizi haizuii chuma.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, nitaanza na maneno. Neno "ajali" tulilipata kutoka Kiarabu, ambako huashiria muda uliowekwa, hasa ule mwisho wa uhai wa mtu uliokadiriwa na Mola. Katika Kiswahili limeihifadhi maana hiyo, kisha likapanuka likawa jina la mkasa wowote usiotarajiwa, ukiwemo mgongano wa magari. Ukilichukua katika asili yake, methali isemayo "Ajali haina kinga" ni kweli tupu: siku ikifika imefika. Lakini tunapoitumia juu ya magari mawili yaliyokutana uso kwa uso barabarani, methali iyo hiyo hugeuka kuwa kisingizio. Mgongano wa magari una kinga, tena kinga inayopimwa kwa sentimita na kwa kilo.

Neno "nyota" nalo lina mzigo kama huo. Mswahili husema fulani ana nyota, au nyota yake imefifia, au kazaliwa na nyota ya jaha. Nyota katika lugha yetu ni bahati, kitu ambacho mtu hupewa wala hakichumi. Basi tunapoambiwa gari lina nyota tano, sikio letu husikia kwamba gari hilo lina bahati. La hasha! Nyota ya gari ni alama ya mtihani, sawa na A au D katika matokeo ya KCSE. Kila mwalimu anajua kwamba alama isiyotajiwa ni ya mtihani gani, wa mwaka gani na uliosahihishwa na nani, haina tofauti na uvumi.

Mtihani wenyewe una historia. Marekani ndiyo iliyotangulia. Serikali yake ilianza mpango wa kugongesha magari mapya na kutangaza matokeo hadharani mwishoni mwa miaka ya 1970, na nyota zenyewe zikaanza kutumiwa mwaka wa 1993 ili mnunuzi asiye mhandisi aelewe kwa haraka. Ujapani ilianzisha mpango wake mwaka wa 1995. Ulaya ilifuata kwa shirika la Euro NCAP, ambalo lilitangaza matokeo yake ya kwanza Februari 1997. Magari saba ya kwanza kutahiniwa yalikuwa madogo yote: Fiat Punto, Ford Fiesta, Nissan Micra, Opel Corsa, Renault Clio, Rover 100 na Volkswagen Polo.

Katika mtihani huo wa ana kwa ana, gari lilipelekwa kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa na kugongeshwa kwenye kizuizi chenye uso wa aluminiamu unaobonyea. Si pua yote iliyogonga, bali asilimia 40 tu ya upana wake, upande wa dereva, kwa sababu hivyo ndivyo magari mengi yanavyogongana barabarani dereva mmoja anapovuka mstari wa katikati. Ndani ziliketishwa sanamu zenye umbo na uzito wa binadamu, zikiwa na vipimio kichwani, shingoni, kifuani na miguuni. Kinachotafutwa ni mambo mawili. Pua ya gari inapaswa kubonyea ili imeze nguvu ya kishindo. Chumba cha abiria, kwa upande wake, hakipaswi kubonyea hata kidogo, kwa maana hicho ndicho kinachobakisha nafasi ya mtu kuishi.

Rover 100 ilipata nyota moja. Lilikuwa gari la mchoro wa zamani, lililoanza maisha yake mwaka wa 1980 kwa jina la Metro, na chumba chake cha abiria kiliporomoka vibaya. Watengenezaji wa magari walilalamika kwamba mtihani ulikuwa mkali mno, na kwamba hakuna gari lingeweza kufikia nyota nne. Malalamiko hayo hayakudumu hata miezi sita. Julai mwaka uo huo gari la Volvo S40 lilipata nyota nne, na mwaka wa 2001 Renault Laguna ikawa ya kwanza kupata tano. Wanunuzi waliikimbia Rover 100, na haukupita muda mrefu utengenezaji wake ukasimamishwa. Hakuna sheria iliyoipiga marufuku. Ni habari tu, iliyowekwa mbele ya macho ya watu kwa lugha wanayoielewa.

Mwaka wa 2017, Euro NCAP ilipotimiza miaka 20 ya kutangaza matokeo, iliigongesha tena Rover 100 na kuilinganisha na Honda Jazz mpya, gari ambalo sisi tunalifahamu kwa jina la Fit. Katika Rover usukani na dashibodi vilimvamia dereva. Katika Jazz chumba kilisimama imara. Yote mawili ni magari madogo. Kwa hiyo anayedai kuwa gari dogo ni jeneza tu, liwe la aina gani, hasemi kweli. Udogo si hukumu. Kuna udogo uliofikiriwa na udogo uliopuuzwa.

Hata hivyo, nyota hizo lazima zisomwe, na kusoma kuna kanuni zake. Naziona kanuni tatu ambazo mnunuzi wa Kenya hafundishwi na mtu.

Kanuni ya kwanza ni wakati. Sentensi ya Kiswahili haikamiliki bila kujua kama tendo limetendeka, linatendeka au litatendeka. Nyota nazo zina wakati wake. Mwaka wa 2005 Fiat Punto ya toleo jipya la wakati huo ilipata nyota tano za Euro NCAP. Mwaka wa 2017 gari la toleo lilo hilo, likiwa bado linauzwa likiwa jipya, lilitahiniwa upya na likaambulia sifuri. Gari halikuoza katika miaka hiyo 12. Ni mtihani uliopanda: mambo ambayo zamani yalikuwa ya ziada, kama vile vifaa vya kumsaidia dereva kuepuka mgongano, yalikuwa sasa yanatarajiwa kwa kila gari. Kwa hiyo nyota tano za 2005 na nyota tano za leo zinafanana kwa macho tu. Muuzaji anayezitaja bila kutaja mwaka ametuuzia kitenzi kisicho na wakati.

Kanuni ya pili ni mahali. Jina la gari halitoshi kulitambulisha. Mwaka wa 2014 shirika la Global NCAP lilitangaza matokeo ya magari madogo yaliyokuwa yakiuzwa India. Suzuki Alto 800, Tata Nano, Ford Figo, Hyundai i10 na Volkswagen Polo, yote matano yalipata sifuri kwa ulinzi wa watu wazima. Polo hiyo haikuwa na mifuko ya hewa. Ilipotahiniwa Polo ya India yenye mifuko miwili ya hewa, ilipata nyota nne, na kampuni ikaamua kuliondoa sokoni toleo lisilo na mifuko hiyo. Jina lilikuwa moja na umbo moja, lakini hatima za dereva zilikuwa mbili. Yafaa tulikumbuke jambo hili kila tunapoambiwa kwamba Vitz ni ndugu wa Toyota Yaris ya Ulaya. Ni ndugu kweli, lakini gari lililotengenezewa soko la Ujapani si lazima liwe na vifaa vyote vya ndugu yake aliyetahiniwa Ulaya.

Barani Afrika, mpango wa Global NCAP na chama cha magari cha Afrika Kusini ulitoa matokeo yake ya kwanza mwaka wa 2017. Toyota Etios ilipata nyota nne, Volkswagen Polo Vivo na Renault Sandero tatu tatu, Datsun Go+ moja, na Chery QQ3 haikupata kitu. Haya yote yalikuwa magari mapya katika soko moja, na bado umbali kati ya la juu na la chini ulikuwa ni umbali kati ya uhai na kifo.

Kanuni ya tatu ni uzito, na hii ndiyo inayofichwa zaidi. Gari linapogonga kizuizi kilichokita, huwa kana kwamba limegongana na gari lenye uzito sawa na wake. Alama za mtihani huo zinaweza kulinganisha Demio na Vitz. Haziwezi kulinganisha Demio na Land Cruiser. Mwaka wa 2009 taasisi ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima, IIHS, iligonganisha magari madogo matatu na magari ya wastani ya kampuni zao: Smart Fortwo na Mercedes C-Class, Honda Fit na Accord, Toyota Yaris na Camry. Yote matatu madogo yalikuwa yamepata alama nzuri katika mgongano wa kizuizi. Yalipokutana na wakubwa wao, yote yalipewa alama mbaya.

Sababu yake inafaa kuandikwa ubaoni na kila mwalimu wa fizikia. Gari la kilo 900 likikutana uso kwa uso na la kilo 1,800, kila moja likienda kwa mwendo ule ule, gari dogo halisimami tu bali hurudishwa nyuma, na badiliko la mwendo wake huwa maradufu ya lile la gari kubwa. Mwili wa aliyemo hulipokea badiliko hilo katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Aidha, nguvu ya kishindo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari linaloenda kilomita 110 kwa saa, mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa katika barabara zetu kuu, hubeba nguvu inayokaribia mara tatu ya ile ya kilomita 64 za mtihani. Na barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret haina vizuizi vya aluminiamu. Ina malori.

Zaidi ya kanuni hizo tatu, sisi tuna jambo letu la pekee. Magari mengi madogo tunayonunua si mapya. Sheria yetu huruhusu magari yasiyozidi umri wa miaka minane, na kabla ya kupakiwa melini hukaguliwa kwa niaba ya shirika la viwango, KEBS, ili kuhakikisha kuwa yanafaa kutumika barabarani. Ukaguzi huo ni wa manufaa, lakini haumwambii mnunuzi gari lilipata alama gani katika mgongano. Wala gari likishafika halibaki lilivyokuwa. Likigongwa likanyooshwa kwa nyundo na kupakwa rangi, mifuko ya hewa iliyofumuka isirudishiwe, nyota zake zilibaki pale lilipogongwa.

Kuna pia suala la mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Ujapani, iliyofilisika mwaka wa 2017. Mamilioni ya magari ya Honda, Toyota, Mazda, Nissan na kampuni nyingine yaliitwa yarudi kutengenezwa, kwa kuwa kifaa cha kujaza mfuko hewa kiliweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kuelekea kwa dereva. Kemikali iliyomo huharibika kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto na unyevu. Msomaji wa Mombasa ataelewa mara moja ninachosema. Sasa barua ya kuliita gari hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana huko lilikotoka. Mnunuzi wa tatu, aliyeko Kitui au Malindi, barua hiyo itamfikia kwa njia gani? Kampuni kadhaa zimeweka njia ya kuchunguza namba ya chesisi kwenye intaneti, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuambiwa hivyo na muuzaji?

Nisieleweke vibaya kwamba gari kuukuu ni baya na jipya ni jema. Mwaka wa 2019 Global NCAP iligonganisha Nissan Hardbody mpya, iliyokuwa ikiuzwa Afrika, na Nissan Navara ya mwaka wa 2015 iliyonunuliwa Ulaya ikiwa imetumika. Dereva wa ile mpya angeelekea kufa, na wa ile iliyotumika angeweza kutoka kwa miguu yake. Hayo ni magari ya mizigo, si madogo, lakini fundisho ni lile lile: upya na ukuukuu havitoshi kuwa kipimo. Anayehitaji kujua lazima apewe habari.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni ya umaskini. Watasema kwamba masharti yakizidi bei itapanda, na aliyekuwa anunue Vitz atabaki kwenye bodaboda, ambako hakuna chumba cha abiria wala mkanda. Nakubali kabisa kwamba gari dogo lenye nyota tatu ni salama kuliko pikipiki. Ndiyo sababu siombi marufuku. Naomba maelezo. Kati ya magari mawili ya umri mmoja na bei moja katika yadi ile ile, moja laweza kuwa na mifuko sita ya hewa na jingine miwili. Mnunuzi akiambiwa, atachagua bila kuongeza hata shilingi moja.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Zaidi ya watu 4,000 huuawa barabarani nchini kila mwaka, na kundi kubwa kati yao ni watembea kwa miguu. Je, nyota za aliye ndani ya gari zinamfaa nini anayevuka barabara? Jibu ni kwamba zinamfaa kwa sehemu tu. Euro NCAP hupima pia jinsi boneti na bampa zinavyomdhuru mtembea kwa miguu, na alama hiyo nayo inapaswa kujulikana. Lakini ni kweli kwamba hakuna nyota inayoweza kuchukua mahali pa kivuko, njia ya miguu na dereva asiyekimbia. Kinga ni kuta nyingi, na nyota ni ukuta mmoja.

Ukuta mwingine ni mkanda. Sanamu katika mitihani hii hufungwa mikanda. Nyota tano zilizotangazwa ni za mtu aliyejifunga, na asiyejifunga hana sehemu katika matokeo hayo, hata akiketi katika gari la fahari. Tulipata somo hilo Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki zilipoanza kutekelezwa na mikanda ikawa lazima katika matatu. Leo tunalisahau, hasa katika viti vya nyuma. Na tunapowapakia wanafunzi 10 katika Probox iliyotengenezewa watu watano, tumefuta kwa mikono yetu kila hesabu iliyofanywa na mhandisi.

Nini basi kifanyike? Katiba yetu, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Kwa msingi huo, kila gari dogo linalouzwa, jipya au lililotumika, libandikwe karatasi kiooni yenye mambo matano: alama lililopata, mwaka wa mtihani, shirika lililotahini, idadi ya mifuko ya hewa, na kama liliwahi kuitwa lirudi kutengenezwa. Pale ambapo halikutahiniwa, na iandikwe wazi kwamba halikutahiniwa. Matokeo ya Ujapani yapo na yametangazwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaleta kwetu. India, iliyopata sifuri tano mwaka wa 2014, ilianzisha mtihani wake yenyewe mwaka wa 2023. Ikiwa hatuna uwezo wa kujenga maabara, je, hata karatasi ya kubandika imetushinda?

Karatasi hiyo iandikwe kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Sisemi hivi kwa ushabiki wa taaluma yangu. Habari ya kuokoa maisha iliyoandikwa kwa lugha ambayo mwenye maisha haisomi vizuri haijatolewa bado. Vyama vyetu vya akiba na mikopo navyo vina nafasi. Kabla ya kumkopesha mwalimu, hudai bima ya gari ili kulinda pesa zao. Ni vyema vidai pia karatasi ya usalama, ili kumlinda mwalimu mwenyewe.

Kwa walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu, nina ombi jepesi. Atakapotokea mtu akasema gari lake lina nyota tano, mwulizeni maswali matatu: za mwaka gani, za wapi, na dhidi ya uzito gani? Asipoweza kujibu, nyota hizo ni za jaha tu. Wahenga walituusia tahadhari kabla ya hatari, wala hawakuona kwamba usia huo unagombana na imani yao juu ya ajali. Siku ya mtu imo mikononi mwa Mola. Uimara wa chumba cha abiria umo mikononi mwa mtengenezaji, muuzaji na mnunuzi, na hao wote tunaweza kuwauliza.